Macho ya Upande wa Lango

King'ora kilipolia, Mama Msasa alikuwa jikoni kwake akifunika kopo la chakula cha mchana. Hakuhitaji kutazama saa. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na hiyo ilikuwa siku ya tisa mfululizo. Sauti ilitoka kwenye karakana ya useremala, nyumba sita kutoka kwake. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena kama mtoto aliyeachishwa ziwa, kisha ikakatika. Maana yake Kobe alikuwa ameshafika kwenye kitufe.

"Ee Mungu, si leo tena," alisema, akafunga kopo kwa kipande cha mpira.

Kobe alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na alikuwa mlinzi wa karakana kwa mwezi wa nne sasa. Aliyemwombea kazi ni Mama Msasa mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya tajiri. Alisema hivi: "Huyu namjua tangu hajaota ndevu. Polepole yuko polepole, lakini mkono wake safi." Jina la Kobe walimpa ndugu zake kwa ule mwendo, maana hata akiitwa kula hakazi mguu. Yeye Mama Msasa jina lake lilitokana na kazi. Mumewe alipofariki, aliachiwa benchi la mwisho pale karakanani, na hapo alipiga msasa na kung'arisha kila kitanda na kila mlango uliotoka humo. Miaka sita alikuwa hajachelewa hata siku moja, na hakuwa mtu wa maneno mengi.

Alipofika karakanani saa moja, mafundi walikuwa wamesimama uwanjani kama watu waliofika msibani wasijue nani amefiwa. Tajiri alikuwa katikati. Walimwita Rula, kwa ajili ya rula ya chuma isiyotoka mfukoni mwake, na akikasirika huitoa akajipigapiga nayo kiganjani. Asubuhi hiyo kiganja kilikuwa kinalia.

"Jana upande wa nyuma kimya," alisema. "Juzi nyuma kimya. Siku zote tisa nyuma kimya. Kinacholia ni upande wa lango. Na upande wa lango anakaa nani?"

"Mimi, bosi," Kobe alijibu.

"Basi nieleze."

"Mimi nakuwa nimekaa kitini, bosi. Sijainuka. Kinalia chenyewe."

"Chenyewe. Kinaota ndoto mbaya."

Fundi mmoja mwenye mdomo mwepesi, waliyemwita Randa kwa kuwa maneno yake humkwangua mtu mpaka nyama, aliinamisha kichwa akasema, "Labda kinamwona Kobe akijikuna, kinadhani ukuta umesogea."

Watu wakacheka. Kobe hakucheka. Alikuwa ameishika filimbi yake kifuani kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Kabla Kobe hajaajiriwa, wezi waliruka ukuta wa nyuma, wakaondoka na mbao ngumu za milango zilizokaushwa mwaka mzima. Baada ya msiba huo Rula alibadilisha mlinzi, na mwezi mmoja uliopita akamleta fundi wa ving'ora, binti mrefu mwenye miwani. Yule binti alifunga jozi mbili za visanduku vyeusi, kila kimoja kikubwa kiasi cha tofali lililosimamishwa. Jozi moja aliifunga nyuma, kwenye rafu za mbao, na nyingine mbele, karibu na lango. Kisanduku kimoja kinatuma mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, na mwenzake ng'ambo ya uwanja anaupokea. Mtu akipita katikati, mwanga unakatika, king'ora kinalia, na taa ndogo ofisini inaonyesha ni jozi ipi. Wafanyakazi hawakusumbuka na jina la kitaalamu. Waliyaita macho.

Siku macho yalipofungwa, Mama Msasa hakuwapo. Alikuwa ameomba ruhusa kwenda kumwombea mgonjwa. Alirudi kesho yake akayakuta yametulia mahali pake, meusi, yameng'aa, na hakuna aliyemweleza neno.

"Sikilizeni nyote," Rula alisema sasa. "Kinacholia kila siku kwa saa ileile si mwizi, maana mwizi hana ratiba. Ni mtu anayepita pale makusudi. Anatuzoesha. Tukishazoea kelele, siku mbao zikibebwa kweli hakuna atakayetoka kitandani. Na nilishasema siku ya kwanza, atakayeyachezea macho yale mimi na yeye tumemalizana. Kobe, nakupa mpaka kesho kutwa, Ijumaa. Kikilia na siku hiyo, jioni unakabidhi filimbi na tochi."

Kisha akamgeukia Mama Msasa, akamtazama tu. Afadhali angesema. Mama Msasa akaenda benchini kwake akakamata msasa.

Saa nne fundi wa ving'ora alikuja na mkoba wake. Jua lilikuwa limeshapanda, uwanja umekauka. Alifungua kisanduku cha upande wa lango, akachomeka nyaya mbili za mita yake, akasoma namba, akakunja uso kidogo.

"Iko chini kidogo kuliko nilivyoiacha," alimwambia Rula, "lakini inafanya kazi. Pita pale katikati." Rula akapita, king'ora kikalia. "Umeona? Mashine nzima."

"Kama mashine ni nzima, basi mbovu ni mtu," Rula alijibu, na karakana nzima ikasikia.

Siku hiyo Mama Msasa alipiga msasa ubao mmoja wa kichwa cha kitanda mpaka Randa akamwambia, "Mama, huo ubao utauona kesho kweli? Umebaki karatasi." Moyoni mwake Mama Msasa kulikuwa na jambo asilotaka hata kulisema kwenye sala. Alikuwa ameanza kumshuku Kobe. Alimjua alivyopenda usingizi. Huenda alfajiri humchukua, huenda huamka ameduwaa, akajikokota kwenda kunawa uso bombani na kukata mwanga bila kujua. Halafu anaona haya kusema. Je, kama ndivyo? Alimwombea kazi kwa jina la marehemu. Aibu ya Kobe ingefika hadi kaburini kwa kaka yake.

Jioni, wenzake walipoanza kufunga, alifanya kama alivyofanya kila jioni. Kung'arisha mbao kunataka mafuta ya mbegu na kitambaa, na kitambaa kilicholowa mafuta hayo hakiviringishwi kikatupwa pembeni, kwa maana hupata joto chenyewe kikashika moto. Mumewe alimfundisha hilo kabla ya kumfundisha kushika msasa. "Usikitupe kina mafuta," alikuwa akimwambia. "Kipitishe kwenye vyuma mpaka kikauke, halafu kianike. Vyuma havitashika kutu, na karakana haitaungua." Basi kila jioni Mama Msasa alizunguka na kitambaa chake. Alianza na bawaba za mlango wa stoo, akaja kwenye komeo na kufuli, akaja kwenye lango lenyewe, na kwa kuwa yalikuwa njiani, akayapitia na yale macho mawili ya upande wa lango. Aliyaonea huruma kwa jinsi vumbi la mbao lilivyoyarukia. Ya nyuma hakuyafikia, kwani rafu zilimzuia, na tena hayakuwa njiani.

Jumatano hiyo aliyafuta mara mbili. Kama kuna uchafu unaoyasumbua, alijisemea, basi uondoke. Akarudi nyumbani, akasali kuliko kawaida yake, akalala.

Asubuhi ya Alhamisi alitoka kabla jua halijachomoza. Umande ulikuwa mzito. Tangu hewa ibadilike, siku kama kumi nyuma, kila alfajiri majani yalilowa kama yamenyeshewa. Kobe alimfungulia kimlango cha lango, macho mekundu.

"Shemeji, kuna mtu amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Kaa kitini kwako. Nataka kuona."

"Kuona nini?"

"Kukuona wewe."

Kobe akamtazama, akaelewa, na jambo hilo likamuuma. Lakini hakubishana. Alikaa, akaweka mikono magotini kama anayepigwa picha. Mama Msasa akakaa kwenye kigogo pembeni yake. Mtaani, muuza maziwa alipita na baiskeli yake inayolia cheni. Anga ilianza kupauka. Kobe alipiga miayo, akaomba radhi, akapiga tena. Hakuinuka.

Saa kumi na mbili na nusu, dakika moja pungufu, king'ora kikalia.

Uwanja ulikuwa mtupu. Hapakuwa na mtu wala paka, hata ndege hakuwapo. Kobe alikuwa bado na mikono magotini.

"Umeona, shemeji?" alisema. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Nenda kazime."

Alibaki amekaa pale kigogoni, akashusha pumzi ndefu. Mzigo wa kwanza ulikuwa umetua. Shemeji yake hakuwa mwongo. Alimwomba Mungu msamaha hapohapo, kwa maneno machache, kwa vile alivyomfikiria mtoto wa watu. Kisha akainuka. Kama Kobe hakukata mwanga, basi kitu kingine kimeukata, na yeye hakuwa mtu wa kuondoka kabla ya kukiona.

Alianzia nyuma. Alijibana kati ya rafu na ukuta mpaka akayafikia macho ya huko. Yalikuwa na vumbi jepesi la mbao. Alilipuliza, likaruka lote. Chini yake ule uso mweusi ulikuwa mkavu na laini, na umande mdogo uliokuwepo ulikuwa umeshuka wenyewe hadi chini.

Akaja upande wa lango. Hapo alisimama muda mrefu. Macho aliyoyafuta jana mara mbili yalikuwa machafu kuliko yale ambayo hakuwahi kuyagusa. Vumbi la usiku lilikuwa limenata, kama unga kwenye karai lililopakwa mafuta, na juu ya vumbi umande ulisimama matone matone, mengi, hayateremki. Alipuliza. Hakuna kilichoruka. Alipitisha kidole, kikateleza. Akakinusa.

Harufu ile aliijua. Ilikuwa harufu ya mikono ya mumewe kila jioni kwa miaka kumi na minane. Mafuta ya mbegu.

Kobe alirudi akamkuta ameshikilia nguzo.

"Shemeji, vipi?"

"Ni mimi," alisema. "Kobe, ni mimi nimeyaziba. Kila jioni napitisha kitambaa. Yamepata utando, vumbi linanata, umande ukija mwanga haupiti."

Kobe aliinama akatazama, akagusa, akanusa naye. Hatimaye alisema kwa sauti ndogo, "Basi yafute. Chukua maji, yafute sasa hivi, kesho kitanyamaza, mambo yameisha. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Shemeji, usifanye mchezo. Rula amesema atakayeyagusa amemalizana naye. Mimi nalisha tumbo langu tu. Wewe una watoto shuleni. Nyamaza."

Mama Msasa alikuwa ameshaishika ncha ya mtandio wake, mkono uko njiani. Angefuta, na kazi ingekwisha. Alilifikiria hilo, na hakuna ubaya kusema kwamba alilitamani. Lakini alipolitazama vizuri aliona linakoelekea. Akauachia mtandio.

"Nikifuta, kesho kitanyamaza," alisema. "Na watu watasema nini? Watasema Kobe ametishwa, Kobe ameacha mchezo wake. Utabaki na kazi, lakini jina litakuwa limeoza. Kila ubao ukipotea hapa watakutazama wewe. Hapana. Usiguse kitu. Akija aone hivihivi."

"Umande utakauka kabla hajaja."

"Basi nenda kampigie simu. Mwambie shemeji yako ana neno."

Rula alikuja mbio, akidhani ameibiwa. Mafundi wa kwanza kufika walimfuata nyuma, Randa mbele yao, shingo imenyooka. Mama Msasa aliwasubiri kando ya jicho la lango, mikono imefumbatwa. Maneno alikuwa ameshayapanga.

"Bosi, kinachokifanya king'ora kilie ni mimi."

Rula alisimama. Mkono ukaenda mfukoni kwenye rula, ukabaki humohumo.

Alimweleza yote: kitambaa, mafuta, vyuma, na jinsi mumewe alivyomfundisha. Hakujitetea kwamba hakuwapo siku ya kufungwa. Alisema tu, "Sikujua kwamba kuyafuta ni kuyachezea. Nimekosa. Adhabu kama ipo ni yangu, lakini Kobe hakuinuka kitini, nimekaa naye nimeona. Naomba umwite yule binti aje sasa, kabla jua halijakausha."

Kisha Rula akatoa simu.

Fundi wa ving'ora alifika na pikipiki kabla ya nusu saa kwisha, nywele hazijachanwa. Alitazama lile jicho mara moja, akasema, "Yesu na Maria," kisha akaomba radhi kwa wakubwa. Alifungua kisanduku, akachomeka nyaya za mita.

"Njooni muone. Siku nilipofunga hapa ilisoma mbili na nukta tisa. Jana mchana mbili na nukta moja. Sasa hivi, moja. Ikishuka mpaka hapo mashine inadhani kuna mtu kasimama mbele yake." Aliomba maji, tone la sabuni na kitambaa kikavu. Aliosha macho yote mawili, akayakausha, akarudi kwenye mita.

Watu walibanana kama wanaotazama mpira dirishani. Namba ilipanda. Moja na nusu. Mbili. Mbili na nukta nane.

"Huu uso mweusi mnauona kama urembo," binti alisema, "lakini ni dirisha. Mama amekuwa akipaka dirisha mafuta." Alipoona Mama Msasa ameinamisha kichwa, aliongeza haraka, "Na mimi nina langu. Jana nilipoona namba imeshuka nilipaswa kujiuliza. Tena nilikuja saa nne, umande umeshakauka. Nilitakiwa kuja saa ya ugonjwa wenyewe. Na siku ile niliwaambia wote yasipakwe kitu. Hakuna aliyemfikishia mama?"

Mafundi walitazamana. Kila mmoja alionekana amekumbuka kazi aliyoiacha benchini.

"Nilidhani Randa atamwambia," mmoja alisema.

"Mimi? Mimi huwa siongei," Randa alijibu, na hapo hata Rula akashindwa kujizuia. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikamshinda kabisa, karakana yote ikaangua. Mama Msasa alicheka na machozi yakimtoka, asijue yapi ni ya kucheka.

Walipotulia, Rula alimgeukia Kobe. Haikuwa desturi yake kusema maneno kama hayo, na yalitoka kwa shida, kama msumari uliopinda. "Nilikusema mbele ya watu. Basi mbele ya watu nasema nilikosea. Hukufanya kosa lolote."

"Haya, bosi," Kobe alisema, akaiachia filimbi aliyokuwa ameing'ang'ania tangu jana.

"Na wewe mama," Rula akaendelea. Mama Msasa aliinua uso. "Kuanzia leo macho haya ni kazi yako. Maji, sabuni, kitambaa kikavu, mara moja kwa wiki. Binti atakuonyesha. Mtu anayefuta mpaka kitu ambacho hakutumwa, heri nimtume." Akaitoa rula, akaitazama kama aliyesahau ameitolea nini, akaenda nayo ofisini.

Jioni hiyo Mama Msasa alizunguka na kitambaa chake cha mafuta. Akakipitisha kwenye bawaba, kwenye komeo, kwenye kufuli. Alipofika penye yale macho alikihamishia mkono wa pili, akayapita kwa mbali kama mtu anayempita mkwe wake. Alikianika kitambaa uani, akaenda nyumbani.

Ijumaa aliamka kama kawaida, akasali, akafunga kopo la chakula. Ilipokaribia saa kumi na mbili na nusu alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, anasikiliza. Muuza maziwa alipita na cheni yake. Jogoo wa jirani aliwika, akachoka. Saa ya ukutani ikavuka nusu saa, ikaendelea zake. Hakukuwa na sauti nyingine. Alikaa kwenye ngazi, akamshukuru Mungu kwa maneno mengi safari hii, hakuyabania.

Alipofika karakanani alimkuta Kobe kitini, nywele zimesimama, anasugua uso.

"Vipi, shemeji? Kimelia?"

"Hakikulia."

"Sasa mbona umekaa kama aliyekurupushwa?"

"Nimekurupuka mwenyewe," Kobe alisema. "Saa ileile. Siku kumi nimezoea kuruka, leo nimeruka bure, nikakimbia mpaka kwenye kitufe. Nikasimama pale kama mjinga, hakuna cha kuzima."

"Umekimbia? Wewe?"

"Nimekimbia."

Mama Msasa alimtazama shemeji yake, aliyefanana na kaka yake kila alipokuwa amechoka. Akafungua kopo lake la mchana kabla ya wakati, akamkatia nusu.

"Kula," alimwambia, "halafu nenda kalale."